Sambusa Inayoona

Nianze kwa kukiri. Ramadhani ya mwaka juzi nilimdanganya mama yangu karibu mwezi mzima, na kitu nilichomdanganyia ni sambusa.

Kwetu Tanga sambusa si kazi ya mtu mmoja. Alasiri ikishapita tunakaa mkekani ukumbini: mmoja anakata manda, mmoja anajaza nyama, wengine tunakunja pembe tatu na kuziba kwa gundi ya unga wa ngano na maji. Mama ndiye fundi wetu. Lakini mwaka ule alikuwa ametoka kuugua kiharusi, na mkono wake wa kulia haukuwa na nguvu ya kubana pembe. Sambusa zake zikawa zinabaki na tundu. Anayejua jikoni anajua maana yake: mafuta yanaingia ndani, nyama inatoka nje, inaungua chini ya karai, na ukoko wake unagandia sambusa nyingine. Moja ikivuja, zote zinaharibika.

Basi mdogo wangu akatafuta dawa. Sinia la Mama likifika jikoni, anazifungua zile sambusa kimya kimya na kuzikunja upya, mimi nikichungulia mlangoni. Wakati wa kufuturu Mama anauliza, "Zangu zimetokaje?" Tunajibu kwa pamoja, "Mkono wako ule ule, Mama." Anatabasamu, tunakula.

Kuna ubaya gani hapo? Nilimwuliza mdogo wangu, naye akanijibu kwa swali: "Kwani wewe unataka nimwambie mgonjwa kwamba kazi yake haifai?" Hoja yake nzito, siwezi kuibeza. Mwaka 1797 Immanuel Kant aliandika kwamba huna haki ya kusema uongo hata kwa muuaji anayekuuliza rafiki yako kajificha wapi. Sijawahi kukubaliana naye. Uongo wa huruma upo, na mimi nimeshausema mara nyingi nikalala usingizi wangu vizuri tu. Sasa kwa nini huu wa sambusa ulinikosesha?

Nadhani ni kwa sababu ya jinsi nilivyofundishwa. Nilipokuwa na miaka 7, Mama alikuwa akiokota sambusa yangu, anaitazama pembeni, kisha ananirudishia. "Hii inaona," anasema, yaani ina jicho, ina tundu. "Ifumbe." Hakunikunjia hata siku moja. Kuna jioni nilirudishiwa ile ile mara tatu mpaka machozi yakanilenga. Nilimwona mkali. Leo naona kwamba alikuwa ananihesabu miongoni mwa wakunjaji. Huwezi kumrudishia mtu kazi yake kama huamini kwamba anaweza kuirekebisha.

Na naamini ndivyo sambusa yenyewe ilivyotufikia. Jina lake asili yake ni Kiajemi. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuja kuikuta India miaka michache baadaye, nyama ikiwa imefungwa ndani ya mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli, akaandika habari zake. Mpaka kufika mkekani kwetu imepita mikono isiyohesabika, na sidhani kama kuna nyumba iliyojifunza bila mtu kumwambia mwenzake: hapa panavuja.

Mama, aliyewaambia wengi maneno hayo, sisi tuliamua kwamba yeye asiambiwe. Tulimwachia nafasi yake mkekani, kazi tukamnyang'anya.

Aliyetuumbua ni binti yangu, wakati huo ana miaka 8. Yeye kafundishwa na bibi yake, kwa lugha ile ile. Jioni moja akaokota sambusa ya Mama, akaigeuza, akasema kwa sauti, "Bibi, hii inaona." Mdogo wangu akamkata jicho. Mama akaichukua, akaitazama. "Kweli, inaona. Haya, nishikie hapa." Mtoto akaweka kidole kwenye pembe, Mama akapaka gundi kwa mkono wa kushoto, wakabana pamoja. Ilichukua muda. Sisi wengine tuliacha kukunja, tukawa tunatazama.

Kisha Mama akanigeukia. "Na nyie wawili kule jikoni, hamjachoka?"

Kumbe alikuwa anajua. Mdogo wangu anatumia mkono wa kushoto, na mkunjo wake unaelekea upande wake. Fundi hawezi kukosa kuuona. Mwezi mzima Mama alikuwa anauliza zake zimetokaje na jibu analo, anatusitiri sisi tuliodhani tunamsitiri yeye.

Sisemi kwamba ukweli siku zote ndio bora. Mtoto angesema "hii inaona" kisha akaendelea na zake, yangekuwa maumivu matupu. Kilichoufanya ukweli ule ubebeke ni kile kidole. Lakini kidole kina gharama, na gharama hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaikwepa huku tukiita huruma. Kumkunjia Mama upya ni dakika chache. Kukaa naye pembe kwa pembe ni alasiri nzima. Zamani tulifika sambusa 60 kabla ya Magharibi. Siku hizi tukipata 40 tunashukuru, na wageni wakija mdogo wangu bado ananung'unika.

Nami nina la mwisho la kukiri. Zipo siku nimechoka, sambusa ya Mama naiona kabisa kwamba inaona, na badala ya kulifumba jicho lake nafumba langu, naiweka kando niikunje baadaye. Nikiinua uso, namkuta Mama ananitazama.