Njia Katikati ya Shamba la Mtu

Katika vilima vya Cotswolds, Uingereza, watalii hutembea kwa miguu kijiji hadi kijiji, kiongozi akiwa mbele. Njia hukata katikati ya shamba la mtu, kondoo wakila majani pembeni. Anayepita mwisho hurudisha komeo la geti, mifugo isitoroke. Mwenye shamba hawezi kuwafukuza: njia ya umma ni haki kisheria, na sheria ya mwaka 1949 iliagiza njia hizo zichorwe kwenye ramani rasmi. Hilo ndilo linalonigusa kuliko uzuri wa nyumba za mawe za vijiji hivyo. Kijijini kwako, ile njia ya wazee ya kwenda mtoni imo kwenye ramani? Kaulizie, kabla haijajengewa ukuta.