Je, Ni Haki Msiba wa Kijana Ufanywe Mchezo?

Katika miji mikubwa ya Marekani ziko shule za sekondari zilizowekwa kwa ajili ya vijana ambao shule za kawaida zimewashinda, au wao wamezishinda: aliyefukuzwa, aliyezaa mapema, aliyelazimika kufanya kazi ili ndugu zake wale. Katika baadhi ya shule hizo vijana hufundishwa michezo ya kuigiza. Wako waulizao, Je, mwenye njaa afundishwe kucheza? Swali hilo halitusumbui sana, kwani hata vijijini kwetu maskini hajakatazwa ngoma wala ngano, na kijana ajuaye kusema mbele ya watu bila kutetemeka amepata chombo kitakachomfaa barazani na kazini. Lakini liko swali lililo zito zaidi. Pengine mwalimu humwambia kijana, "Tuonyeshe maisha yako." Naye huonyesha jinsi baba alivyofungwa, jinsi mama alivyolewa; wageni hutoa machozi, kisha hutoa fedha. Je, ni haki?

Wenye kuitetea desturi hiyo husema ya kuwa huzuni ikisemwa hupungua uzito, na ya kuwa aliyenyamazishwa siku zote hupata heshima akisikilizwa. Maneno hayo yana kweli, wala hatuyakatai. Ila twauliza, Kijana huyo aliweza kukataa? Mbele yake amesimama mwalimu atoaye alama, na nyuma ya mwalimu wamesimama watoao fedha. Tena akiisha kuona ya kuwa msiba wake ndio unaopigiwa makofi, atajifunza kuutunza kama mtu atunzavyo ng'ombe wa maziwa.

Hapa twapenda kumtaja mwanamke mmoja wa Chicago, Viola Spolin, aliyezaliwa mwaka 1906. Tangu 1924 alisoma kwa Neva Boyd, mwalimu wa michezo, katika Hull-House, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1889 na Jane Addams na Ellen Gates Starr katikati ya mitaa ya wahamiaji maskini, Waitalia, Wagiriki, Wayahudi na wengineo. Mwaka 1939, serikali ilipokuwa ikiwapa kazi waliokosa kazi kwa ajili ya dhiki ya miaka ile, Spolin aliwekwa kusimamia mafunzo ya kuigiza katika mpango huo mjini Chicago. Hakuwaanzisha wanafunzi kwa visa vyao; aliwapa michezo. Wawili hukabiliana, mmoja awe mtu na wa pili awe kioo chake, huyu akiinua mkono naye ainue; kisha hubadilishana, hata mtazamaji asijue ni nani aongozaye. Au husema lugha isiyokuwapo duniani, na mwenziwe aelewe kwa uso na mikono tu. (Katika mchezo huo mtoto asiyejua Kiingereza hana hasara yo yote, jambo lililotupendeza mno.) Mwalimu huita maneno machache kutoka pembeni, na mchezo hausimami. Kitabu chake cha mwaka 1963 chaonya juu ya sifa na lawama pia, kwa kuwa mtoto azoeaye kungoja sifa hupoteza uhuru wake.

Kwa njia hiyo kijana hapewi kwanza jeraha lake alishike. Hupewa kazi ya kutazama, ya kusikia, ya kumngoja mwenziwe. Akitaka baadaye kuingiza kisa chake, aweza kumvika mwingine, mfalme au sungura, kama wafanyavyo bibi zetu, na hapana ajuaye machozi ni ya nani. Wengine husema kujivika uso wa mwingine ni uongo. Sisi twaona sivyo: mwongo huficha ya kuwa anaigiza, lakini mwigizaji amewaita watu waje kumtazama akiigiza.

Iko hoja moja dhidi yetu. Labda kijana mwenyewe ataka kusema waziwazi, kwa jina lake, habari za polisi au za baba yake, nasi kwa kumvika ngozi ya sungura twamfunga kinywa. Hapo twakubali, mwenye kisa ndiye mwenye neno. Ila twaonelea aulizwe siku nyingi kabla ya mchezo, na mtu asiyempa alama. Tena aulizwe mara ya pili asubuhi ya siku yenyewe, na akikataa, wageni waonyeshwe mchezo wa kioo.