Ahadi ni Deni, Lakini Hulipwa kwa Mali ya Nani?

Katika masomo ya historia tumezoea kuwafundisha wanafunzi wetu siku zilizogeuza mkondo wa vita vikuu vya dunia. Siku hizo aghalabu hupewa majina ya mapigano: Marne, Verdun, Stalingrad, El Alamein. Walakini pwani yetu ina siku yake, ambayo haikuwa na mlio wa bunduki. Ni tarehe 26 Aprili 1915, wajumbe wa Uingereza, Ufaransa, Urusi na Italia walipotia sahihi mkataba wa siri mjini London. Katika makala haya twataka kulitazama jambo hilo kwa jicho la maadili, na kuuliza swali moja: je, yafaa mtu kulipa deni lake kwa watu?

Kwanza yatupasa kueleza mambo yalivyokuwa. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, Italia ilikaa kando. Pande zote mbili ziliitaka, nayo ikangoja kuona nani atatoa zaidi. Mkataba wa London uliiahidi nchi kadhaa zilizokuwa chini ya Austria. Kisha, katika kifungu cha 13, ukaongeza kwamba endapo Uingereza na Ufaransa zitapanua makoloni yao ya Afrika kwa kuyatwaa ya Ujerumani, Italia nayo itastahili fidia, hasa katika mipaka ya makoloni yake ya Eritrea, Somalia na Libya. Tarehe 23 Mei mwaka huo Italia ikatangaza vita dhidi ya Austria. Kismayu haikutajwa kwa jina, wala kisiwa chochote cha Wabajuni.

Vita vikaisha. Uingereza ikakabidhiwa Tanganyika, na Italia ikaja kudai fidia yake. Tarehe 15 Julai 1924 mataifa hayo mawili yakatiliana sahihi, na mwaka 1925 Jubaland, pamoja na bandari ya Kismayu, ikaondolewa katika koloni la Kenya na kutiwa mikononi mwa Italia. Mpaka mpya ukashuka mpaka baharini karibu na Ras Kiamboni. Kusini yake walibaki Wabajuni wa Kiunga, Faza na Kizingitini. Kaskazini yake walibaki wenzao wa Chula, Chovai, Koyama, Ngumi na Kismayu yenyewe. Hawa ni watu wa udugu mmoja, lahaja moja na bahari moja.

Tusimuliwapo habari kama hizi, wengi wetu husema, "Wapiganapo tembo, nyasi huumia," tukadhani tumemaliza maneno. Lakini methali hiyo, pamoja na heshima zote tuwapazo wahenga, haifai hapa. Uingereza na Italia hazikuwa zikipigana mwaka 1915, zilikuwa zikipatana. Nyasi hizi hazikukanyagwa katika ugomvi, bali ziligawanywa katika urafiki. Tena tembo hajui akanyagacho, lakini waliokutana London walikuwa watu wazima wenye kalamu, ramani na hiari. Tukiwafananisha na tembo, twawasamehe kabla hatujawahukumu.

Hapana shaka wanao utetezi wao. Yaweza kusemwa kwamba taifa lao lilikuwa hatarini, vijana wao walikuwa wakifa kwa maelfu huko Ufaransa, na mshirika mpya angeweza kufupisha vita na kuokoa roho nyingi. Zaidi ya hayo, ahadi ni deni, na muungwana hulipa. Hoja hii si ya kudharauliwa. Dharura humruhusu mtu mambo ambayo wakati wa amani yangekuwa haramu. Lakini dharura ya 1915 haikuwapo tena mwaka 1924. Palikuwa na nafasi ya kutosha ya kufika Kismayu na Chula, kukaa chini na wazee, na kuuliza.

Na ahadi kuwa deni, naam, twakubali. Ila deni hulipwa kwa mali ya mwenye deni. Nahodha aliyekabidhiwa jahazi la wenyewe, akalitoa pamoja na abiria wake ili amlipe mdai wake, hatumsifu kwa kutimiza ahadi. Twamwita mhaini wa amana. Nalo neno hili "amana" hatukulizua sisi. Serikali ya Uingereza yenyewe ilikuwa imetamka, katika Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923, kwamba inaishika Kenya kama amana kwa niaba ya Waafrika. Mwaka mmoja baadaye ikatoa sehemu ya amana hiyo kuwa malipo.

Mwingine atasema kwamba wapo waliofaidika, kwa kuwa Wasomali wa Jubaland waliunganishwa na ndugu zao wa ng'ambo ya mto Juba. Huenda ni kweli. Lakini nao pia hawakuulizwa, na heri ipatikanayo kwa bahati haiwi sifa ya yule ambaye hakuikusudia.

Mwingine tena atasema kwamba mstari ule haukumdhuru mvuvi, kwa maana kaskazi na kusi hazidai pasi, na mashua ziliendelea kupita. Hapa twajibu kwamba dhuluma nyingine ni kama mbegu: haionekani siku ya kupandwa. Tarehe 14 Februari 1941, katika Vita Vikuu vya Pili, vikosi vya Afrika Mashariki viliingia Kismayu baada ya Waitalia kuihama. Wengi wa askari hao waliamrishwa kwa Kiswahili, wakaingia katika mji ambao wenyeji wake wengi walikisema. Mpaka uliwekwa kwa kalamu kwa ajili ya vita vya kwanza, ukavukwa kwa bunduki katika vita vya pili, lakini haukufutwa. Mwaka 1949 Umoja wa Mataifa uliiweka Somalia chini ya udhamini wa Italia kwa miaka kumi, na tarehe 1 Julai 1960 mstari ule ukarithiwa na dola huru.

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi wa visiwani walishambuliwa na kuporwa, wakakimbilia kusini. Wakavuka Ras Kiamboni wakawa wakimbizi miongoni mwa watu wa lahaja yao wenyewe. Wengine walifika Uingereza kuomba hifadhi, na huko lahaja yao ikapimwa ili ijulikane kama kweli wametoka upande waliousema. Nchi ambayo hapo awali ilishiriki kuwagawa sasa iliwauliza wao ni wa upande gani.

Sisi walimu wa Kiswahili hatuwezi kusema kwamba jambo hili ni la walimu wa historia peke yao, maana lugha tuifundishayo ndiyo iliyosimamishwa kuwa shahidi. Wala hatusemi tuwafundishe vijana chuki. Twasema tu kwamba, kila tutajapo siku iliyogeuza mkondo wa vita, tusiishie kuuliza nani alishinda. Tuulize pia nani alilipa, na kama aliulizwa kabla ya kutolewa kuwa malipo. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza hivyo, siku atakapokabidhiwa amana ya watu, atajua kwamba si mali yake.