Utomvu kwanza, moto baadaye

Anayepika chakula cha Krismasi kwa mara ya kwanza hufundishwa na utomvu kabla ya moto. Desemba, ndugu wanaporudi Kagondo, mkoani Kagera, kutoka Dar es Salaam na Mwanza, ndizi huanza kumenywa asubuhi. Ukisahau kupaka mafuta mikononi, weusi wa utomvu wake utakaa nao hadi Mwaka Mpya. Bibi hapimi maji kwa kikombe (usimuulize): huyatazama yakifika usawa wa ndizi, huchanganya na maharage yaliyokwisha kuiva, hufunika kwa jani la mgomba, kisha husikiliza. Mchemko ukianza kusikika mkavu, epua upesi. Senene, kama msimu umewaleta, hukaangwa pembeni, na nusu yao huisha kabla wageni hawajanawa mikono.