Njia Mpya Ndani ya Kichwa

Kindu, huko Maniema, ni mji wa magurudumu mawili. Tangu alfajiri pikipiki hupita mitaa ya Kasuku na Mikelenge, nyingine huvushwa mto Lualaba kwa mtumbwi hadi Alunguli, zimebeba akina mama na watoto, magunia ya mchele na madumu ya mafuta ya mawese. Vichwa vingi viko wazi. Siku pikipiki inapokutana na shimo au lori, kinachogonga ardhi huenda kikawa kile kiungo ambacho Muumba alikizungushia mfupa pande zote. Ndipo ukoo mzima hukusanyika hospitalini kando ya mtu anayepumua lakini haitiki akiitwa, na swali linakuwa moja tu: ataamka?

Mwenye kuuliza hivyo anastahili jibu la kweli. Lakini hatuwezi kulijibu kabla ya kutazama kwa heshima kitu chenyewe kilichoumia.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1.4. Ni laini mno, unaelea ndani ya maji masafi, na unatumia kama moja ya tano ya nguvu za mwili hata mwenyewe akiwa amelala. Mwaka 2009 watafiti wa Brazili, akiwemo Suzana Herculano-Houzel, walitangaza hesabu ya seli zake za neva: bilioni 86 hivi. Kila seli inaweza kuungana na maelfu ya wenzake. Humo ndimo limo jina la mama yako, njia ya kwenda shambani, na sala uliyofundishwa ukiwa bado hujui kusoma. Hakuna fundi wa duniani aliyewahi kukaribia kazi hiyo.

Pigo kubwa huuharibu ubongo kwa awamu mbili. Kwanza papo hapo: damu huvuja, na nyuzi nyembamba zinazounganisha seli huvutika hadi kukatika. Kisha kwa saa na siku zinazofuata ubongo huvimba ndani ya fuvu lisilotanuka, damu ikashindwa kupenya na hewa ikapungua. Awamu hii ya pili ndiyo ambayo mikono ya binadamu inaweza kuipunguza, na hapa ninawaheshimu sana wauguzi wa hospitali zisizo na mashine nyingi. Anayehakikisha koo la mgonjwa liko wazi na shinikizo la damu halianguki anaziokoa seli ambazo hakuna mtu atakayeziona.

Hata kipimo cha kujua ukubwa wa jeraha hakihitaji umeme. Mwaka 1974 Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow, kule Uskoti, waliwafundisha madaktari kutazama mambo matatu: macho yanafunguka lini, maneno gani yanatoka, viungo vinajongea vipi. Alama huanzia 3 hadi 15. Anayepata 8 au chini yake ameumia vibaya sana.

Lakini aliyeumia vibaya sana hajahukumiwa. Mwaka 2021 utafiti mkubwa wa Marekani ulitoa matokeo ya wagonjwa waliofuatiliwa mwaka mzima. Miongoni mwao walikuwamo 79 ambao, wiki mbili baada ya ajali, hawakuonyesha dalili yoyote ya kujitambua. Mwaka ulipotimia, 62 kati yao walikuwa wamerudiwa na fahamu. Nasema wazi kwamba hao walitibiwa mahali penye vifaa ambavyo Maniema haina, na kwamba kurudiwa na fahamu si kurudi kama zamani. Wengi walibaki wakihitaji msaada. Wako pia wasioamka, na wako wanaofariki. Lakini mtu asikwambie siku ya tano kwamba yamekwisha. Siku ya tano ni mapema mno.

Kuamka kwenyewe hakuji kwa ghafla. Macho hufunguka kabla ya akili. Halafu siku moja macho hayo humfuata mtu anayepita, kidole hubana mkono ulioshikwa, neno moja hutoka, tena si mahali pake. Baadaye mgonjwa huongea, lakini hajui yuko wapi wala jana alikula nini. Anaweza kutukana, kulia bila sababu, kuchoka baada ya kazi ndogo. Familia huumia sana hapo, na majirani huanza kunong'ona kuhusu uchawi. Hajalogwa, na wala hana jeuri. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuwekea breki katika hasira na maneno, ndiyo inayojeruhiwa mara nyingi katika ajali za namna hii. Apewe kimya, usingizi, na mtu mmoja wa kuzungumza naye kwa wakati mmoja.

Ndugu anayelala kwenye mkeka kando ya kitanda ana kazi halisi. Kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ngozi isioze. Kumkunja na kumnyoosha viungo taratibu visikakamae. Kutomtia uji mdomoni akiwa hana fahamu, maana utaingia mapafuni. Na kusema naye. Mwaka 2015 Theresa Pape na wenzake wa Chicago walichapisha jaribio la wagonjwa 15: baadhi walisikilizishwa sauti za jamaa zao wakisimulia mambo ya nyumbani, mara nne kwa siku kwa wiki sita, nao wakaendelea vizuri kuliko waliosikilizishwa ukimya. Jaribio ni dogo. Hata hivyo, mama anayesimulia kwa Kilega au Kikusu sikioni mwa mwanawe hapotezi muda.

Ila seli nyingi za ubongo zikifa hazirudi. Nguvu za kupona hutoka wapi, basi? Watu wa Kindu wanaweza kulielewa hili kuliko wengi, maana mji wao ulikua hivyo. Maporomoko yalizuia vyombo kupanda mto, kwa hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 reli ya zaidi ya kilomita 350 ilijengwa kuyazunguka, kutoka Kindu hadi Kongolo. Mawe yalibaki palepale, mizigo ikafika.

Ubongo nao hufanya vivyo hivyo: jeraha hubaki palepale, kazi hupitia njia nyingine. Ushahidi ninaoupenda ni wa mwalimu mmoja wa New York, Pedro Bach-y-Rita. Mwaka 1959, akiwa na miaka 65, alipatwa na kiharusi kilichompooza upande mmoja na kumnyima usemi. Hakupigwa kichwani, lakini swali la ubongo ulioharibika ni lilelile. Matibabu ya wakati ule yalipoisha bila faida, mwanawe George, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari, alimchukua Mexico akaanza kumfundisha kama mtoto mchanga: kutambaa kwanza, bega likiegemea ukuta, miezi kadhaa. Kisha kuokota gololi. Kisha kuosha masufuria, mkono dhaifu ukizungushwa ndani kwa dakika nyingi. Yote yalifanyika uani na nyumbani. Mzee alisimama, akatembea, akaongea, akarudi kufundisha.

Alifariki akiwa na miaka 72, kwa moyo, alipokuwa akipanda mlima huko Kolombia. Ubongo wake ulipopasuliwa, madaktari walikuta jeraha la kiharusi bado lipo, halikupona: asilimia 97 ya nyuzi zinazoshuka kutoka upande ule wa ubongo kwenda uti wa mgongo zilikuwa zimeharibika. Miaka yote ile alitembea kwa zile chache zilizosalia. Mwanawe mwingine, Paul, daktari, alipoziona picha hizo alirudi shule akiwa mtu mzima kusomea tiba ya kurudisha viungo kazini, akaitumikia hadi alipofariki mwaka 2006.