Kijana Aliyelishwa Anadai Nini?

Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti yalizua ubishi ambao haukuhusu maji peke yake, kwani kila alipotajwa kijana aliyepoteza mpunga wake palikuwa na wa kujibu kwamba amekwisha kupewa unga na mahali pa kulala, hivyo hana la kudai. Jibu hilohilo hutolewa kwa kijana Mkongo au Mrundi aliye kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma. Mkimbizi, kwa maana ya Mkataba wa 1951, ni aliyevuka mpaka kwa kuogopa kuteswa. Mrufiji si mkimbizi, na hilo halina mjadala.

Kinachowakutanisha ni riziki, yaani mtu kujipatia mahitaji kwa jasho lake. Katiba ya 1977, katika ibara ya 22, inampa kila mtu haki ya kufanya kazi, ilhali ibara ya 17 inampa raia peke yake haki ya kwenda na kuishi popote nchini. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 nayo inamtaka mkimbizi akae eneo lililotengwa na atoke kwa kibali. Anayedhani kwamba haki ya kwanza yaweza kuishi bila ya pili hajalitazama bonde la Rufiji, ambako mkulima hupanda mpunga kabla ya mafuriko, hulinda ndege na nguruwe pori akiwa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, kisha maji yakishuka hupanda mlau, yaani mazao yanayotegemea unyevu uliobaki ardhini, huku vijana wa delta wakihamia kwenye uvuvi wa kamba msimu ukifika. Hata Operesheni Rufiji, iliyofuata mafuriko ya 1968, ilipowapandisha watu vijiji vya juu, wengi waliendelea kushuka bondeni kulima.

Hoja kwamba aliyelishwa hadai inakera kwa sababu inaligeuza tonge kuwa malipo ya haki iliyochukuliwa. Sheria humzuia kijana wa kambini kutoka, kisha kutotoka kwake huhesabiwa uvivu. Na wafadhili wakipunguza mgao, hubaki bila tonge na bila haki. Kinyume chake, Warundi waliokimbia kwao 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi hayo yalihesabiwa kuwa yanajitegemea. Wanaomwita mkimbizi mgeni wanasahau kwamba methali ya mgeni na jembe humwamuru mwenyeji atoe jembe siku ya tatu. Nyarugusu ilifunguliwa 1996, kwa hiyo siku hiyo ya tatu ilikwisha kupita zamani. Hofu ya kushuka kwa ujira wa wenyeji na ya kukatwa kwa misitu ni ya haki, na inahitaji takwimu kuliko falsafa.

Hata hivyo, kijana wa Kibiti anao uraia na ruhusa ya kwenda atakako, lakini mikoko ya delta ni hifadhi ya serikali ambamo kilimo cha mpunga kimekatazwa, na akihamishiwa juu hukuta ardhi ina wenyewe. Ikiwa mwenye haki zote mbili bado hana pa kulima, huenda haki ya kwenda ni sharti la riziki bila kuwa chanzo chake, na chanzo hicho hakijaonekana katika ibara yoyote kati ya hizo.