Mwenye Mshahara na Mwenye Kujitolea



Siku moja ya Mungu nilimkuta mama mmoja, mwalimu wa watoto, amesimama nje ya chumba cha masomo pamoja na watoto arobaini hivi. Ufunguo ulikuwa kwa karani wa parokia, naye hajafika. Alipofika hakuomba radhi. Alisema tu: «Hawa wa kujitolea, leo wanakuja, kesho hawaji.»

Neno lake si uongo wote. Anayelipwa huulizwa kazi yake. Asiyelipwa hatuna cha kumkata. Lakini siku ile mama alimtangulia karani, na chaki aliinunua kwa faida ya soko lake.

Je, mshahara unampa mtu ukubwa? Mtume Paulo alitetea haki ya mhubiri kula kwa Habari Njema (1 Wakorinto 9), hata hivyo mwenyewe alishona hema (Matendo 18:3). Na sisi wa Kanisa la Kimbangu, tangu Papa Simon Kimbangu alipokamatwa mwaka 1921 hadi serikali ilipotambua Kanisa mwaka 1959, ni nani aliyelipwa? Mama Mwilu Marie aliongoza kazi kwa siri, bila biro.

Tena mshahara wa karani unatoka katika matoleo, na mama huyo hutoa kila juma. Basi karani anakula mkononi mwa yule anayemdharau.

Ndugu makarani, ninawaomba: siku ya posho jioni, ufunguo ulale kwa mwalimu wa watoto.